Mtoto Mbele ya Meza ya Waamuzi

Mwezi wa Aprili mwaka 2023, televisheni ya Uingereza iliwaonyesha watoto sita wa Kampala wakicheza ngoma mbele ya waamuzi wanne katika mashindano yaitwayo Britain's Got Talent. Ngoma ilikuwa ingali ikiendelea mwamuzi mmoja, Bruno Tonioli, alipoinuka na kubonyeza kitufe cha dhahabu, ambacho humpandisha mshindani moja kwa moja hadi nusu fainali. Tangu kitufe hicho kilipoanza kutumiwa mwaka 2014, hakuna mwamuzi aliyewahi kukibonyeza kabla ya mshindani kumaliza. Watoto hawakusita, waliendelea kucheza kana kwamba hakuna lililotokea. Mwezi wa Juni walifika fainali, wakawa wa sita.

Furaha iliyoenea Uganda ilikuwa ya haki. Kundi hilo, Ghetto Kids, lilikusanywa na mwalimu Dauda Kavuma kutoka mitaa ya watu maskini, na sura za watoto wake zilianza kujulikana ulimwenguni mwaka 2014 katika picha za wimbo wa Eddy Kenzo uitwao "Sitya Loss". Mwaka 2017 zilionekana tena katika picha za wimbo "Unforgettable" wa French Montana, zilizonaswa Uganda. Watoto ambao hawakuwa na uhakika wa karo wala wa mlo wa jioni walipata malezi, masomo na safari. Anayedai kwamba ngoma haikuwaletea heri hasemi kweli.

Lakini heri ya watoto sita imezaa hamu katika maelfu ya nyumba. Siku hizi si ajabu kumkuta mtoto wa miaka saba nyuma ya jiko la mama yake akirudia hatua zile zile mbele ya simu iliyoegemezwa juu ya ndoo, na mjomba amesimama kando akimwambia kwamba huyu naye lazima afike London. Katika kambi za jeshi na laini za polisi, ambako nyumba zimekaribiana na kila jirani huona kinachotendeka uani kwa mwenziwe, jambo hili huzungumzwa sana. Wapo wazazi wanaoliona kuwa mlango wa kutoka katika dhiki. Wapo wengine, hasa wazee na watu wa dini, wanaoona kwamba kumweka mtoto mbele ya macho ya watu asiowajua ni kumfundisha utovu wa haya. Pande zote mbili hubishana juu ya ngoma, na hapo ndipo zinapopotea njia, kwa maana ngoma yenyewe haina kosa. Kinachostahili kuchunguzwa ni meza ya waamuzi, karatasi ya mkataba, na saa ambayo mtoto atarudishwa nyumbani.

Waafrika hawakufundishwa na televisheni kucheza kwa kushindana. Miongoni mwa Wanyoro na Watoro vijana wamecheza runyege tangu zama za kale, njuga zikilia miguuni, na aliyechoka mapema alijua kwamba wasichana wamemwona. Wacholi wana larakaraka, ambamo vijana hugonga vibuyu na kutafuta wachumba, na wana bwola, ngoma ya heshima ya mtawala, yenye mduara mkubwa ambao mtu haingii kwa pupa. Wanyankole hunyanyua mikono kuiga pembe za ng'ombe wao. Katika ngoma hizi zote mtoto alijifunza pembezoni: alisimama nyuma ya wakubwa, akaiga, akachekwa kidogo, akasahihishwa na shangazi, na mwaka baada ya mwaka akasogea mbele. Wahenga waliposema mcheza kwao hutunzwa, hawakuwa wakizungumzia zawadi peke yake. Walimaanisha kwamba anayecheza kwao anatazamwa na watu wanaojua ni mtoto wa nani, na ambao kesho watamwona kisimani.

Baadaye shule ziliichukua kazi hiyo. Mashindano ya muziki, ngoma na michezo ya kuigiza ya shule za Uganda yamewafanya watoto wengi wajue ngoma za makabila ambayo hawajapata kuyatembelea. Mwaka 2005 watoto wa shule ya msingi ya Patongo, kaskazini mwa nchi, walikwenda Kampala kushindana na shule kutoka pande zote. Walitoka katika kambi ya watu waliokimbia vita vya Lord's Resistance Army, kambi iliyolindwa na askari, na miongoni mwao walikuwamo mayatima na waliopata kutekwa na waasi. Safari yao ilitengenezewa filamu, War Dance, iliyotolewa mwaka 2007 na kuingizwa katika orodha ya zilizowania tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Askari waliotumikia kaskazini miaka ile hawahitaji kuelezwa kambi zile zilikuwaje. Kwamba mtoto aliyelala katika kibanda cha namna ile aliweza kuingia Kampala amevaa manyoya kichwani, akiwa Mwacholi anayejulikana kwa ngoma yake na si mkimbizi anayegawiwa mahindi, ni jambo ambalo hakuna mtu mwenye moyo awezaye kulibeza.

Basi mashindano hayamwui mtoto. Tena yanaweza kumwinua kuliko mahubiri mengi. Hata hivyo yafaa kuangalia jinsi mashindano ya shule yalivyojengwa. Alama hupewa shule, si mtoto. Mmoja akikosea hatua, aibu hugawanywa kwa watoto thelathini, na wakipanda lori kurudi nyumbani huwa imekwisha kugeuka kichekesho. Mwalimu aliyewafundisha ndiye atakayewasomesha hesabu Jumatatu. Na juma likiisha, hakuna anayekumbuka nani aliyeteleza.

Televisheni imeyageuza haya yote. Kwanza, kamera hupenda uso mmoja. Kundi liwe la watu wangapi, mpiga picha atamtafuta aliye mdogo kuliko wote, au anayelia, maana huyo ndiye atakayewazuia watazamaji wasibadili stesheni. Pili, mwamuzi wa televisheni hakuajiriwa kufundisha. Ameajiriwa kutazamwa. Ukali wake, utani wake na machozi yake ni sehemu ya onyesho, na mtoto wa miaka tisa hawezi kujua kwamba maneno anayoambiwa yamesemwa kwa ajili ya watu wengine walioko majumbani. Tatu, kilichonaswa hakifutiki. Zamani kipindi kilipita na kusahauliwa. Siku hizi kipande cha dakika moja hutolewa, huwekwa kwenye mtandao, na humfuata mtoto hadi sekondari na hadi siku anapoomba kazi.

Lililotokea India mwaka 2008 lilistahili kufahamika kwa kila mzazi. Binti wa miaka 16 wa mji wa Kolkata alishiriki mashindano ya ngoma katika televisheni, akakaripiwa na waamuzi mbele ya kamera. Baada ya siku chache akawa hawezi kusema wala kutembea vizuri, akalazwa hospitali. Wazazi wake waliamini kwamba yalikuwa matokeo ya karipio lile, na nchi nzima ikagawanyika kuhusu nani alaumiwe: waamuzi, televisheni, au wazazi wenyewe waliompeleka. Huyu hakuwa mtoto mchanga. Alikuwa msichana aliyekwisha kuzoea jukwaa, tena mwenye umri ambao wengi huuhesabu kuwa wa kujitegemea. Ikiwa yeye alivunjika, wa miaka saba ahesabiwe vipi?

India ilikuwa na sababu nyingine ya kulitazama jambo hili. Vipindi vya ngoma vya watoto vilikuwa vimezagaa katika stesheni za watu binafsi, na watoto wadogo walikuwa wakifundishwa miondoko ya filamu za watu wazima, pamoja na mavazi na macho yake. Mwezi wa Juni mwaka 2019 wizara ya habari ya nchi hiyo iliziandikia stesheni ikizitaka ziache kuwaonyesha watoto kwa namna isiyo ya adabu wala isiyolingana na umri wao. Hapa wale wazee wanaolalamikia haya wana hoja ya kweli, na haifai kuwacheka. Mtoto huiga kiuno bila kujua kiuno hicho kinasema nini. Anayejua ni mtu mzima aliyemfundisha, na mtu mzima anayetazama. Mzazi atakayekaa kimya mazoezini kwa kuogopa kuonekana mshamba amemwacha mwanawe peke yake kati ya hao wawili.

Sasa lije suala la fedha, ambalo katika mazungumzo ya namna hii hutajwa mwisho na kwa sauti ya chini, ijapokuwa mara nyingi ndilo lililoyaanzisha.

Kisa cha Jackie Coogan wa Marekani ni cha zamani, lakini hakijachakaa. Mtoto huyo alizaliwa mwaka 1914, na Charlie Chaplin alimwona kwa mara ya kwanza akicheza dansi jukwaani mjini Los Angeles. Chaplin akamtia katika filamu The Kid ya mwaka 1921, na mtoto akawa tajiri kabla hajaota ndevu. Inakadiriwa kwamba alichuma kati ya dola milioni 3 na 4. Baba yake alifariki katika ajali ya gari mwaka 1935. Coogan alipokwisha kuwa mtu mzima na kuulizia mali yake, aliambiwa na mama yake na baba wa kambo kwamba kwa sheria mapato ya mtoto ni ya wazazi. Aliwashitaki mwaka 1938. Mwishowe alipata dola 126,000 tu. Jimbo la California liliona aibu, likatunga sheria mwaka 1939 ya kulinda mapato ya watoto wa jukwaani, na leo sheria hiyo hudai kwamba asilimia 15 ya mapato ya mtoto iwekwe katika akaunti ya amana ambayo mzazi hawezi kuigusa.

Wenye kusoma kisa hiki husema haraka kwamba mama yule alikuwa mwovu. Pengine hakuwa mwovu. Yamkini alikuwa amezoea. Mtoto akianza kuleta fedha nyumbani, mara ya kwanza zinanunuliwa viatu vyake, mara ya pili zinalipa karo ya kaka yake, mara ya tatu zinamaliza deni la duka la kantini, na mara ya nne nyumba nzima inangoja acheze. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyo dhambi. Lakini mwisho wake mtoto wa miaka kumi amekuwa mkuu wa familia bila kuapishwa, na siku akisema amechoka, kila uso mezani unabadilika. Kuanzia siku hiyo hachezi tena, anafanya kazi. Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote, kubwa kuliko waamuzi wakali na mavazi mabaya, kwa sababu mavazi huonekana, na hatari hii huingia nyumbani ikiwa imevaa shukrani.

Uingereza, ambako wale watoto wa Kampala walicheza, haikuliacha jambo hili mikononi mwa huruma ya watengenezaji wa vipindi. Kanuni za mwaka 2014 zinazotumika England huhitaji, katika maonyesho mengi ya namna hii, kibali cha serikali ya mtaa kwa kila mtoto. Mtoto wa miaka mitano hadi minane haruhusiwi kukaa mahali pa onyesho kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na katika saa hizo asicheze zaidi ya saa 3. Wa miaka tisa na kuendelea wana saa 9 na nusu, na kucheza kusizidi saa 5. Saa tano usiku ikifika, lazima awe ameondoka. Ikiwa ni siku za shule, apewe masomo ya saa 3. Na asipokuwa pamoja na mzazi au mwalimu wake, awe chini ya mlezi aliyekubaliwa na serikali ya mtaa, ambaye haruhusiwi kuangalia zaidi ya watoto 12 kwa wakati mmoja. Mtu anaweza kuudhika kwa ukavu wa kanuni hizi, lakini kila namba ndani yake inamzuia mtu mzima fulani asiseme "tumalizie kidogo tu" saa sita za usiku.

Afrika Mashariki nayo haikosi msingi wa sheria. Mkataba wa kimataifa namba 138 wa mwaka 1973 kuhusu umri wa kufanya kazi, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2003, unaruhusu mtoto kushiriki katika maonyesho ya sanaa kwa kibali maalumu chenye kutaja saa na masharti. Sheria ya Watoto ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inakataza mtoto kutumikishwa katika jambo linaloweza kudhuru afya yake, masomo yake au makuzi yake. Hata hivyo sheria hukaa mjini, na mwenye gari jeupe anayetafuta watoto wenye vipaji huja kambini siku ya Jumamosi.

Na ichukuliwe kwamba anakuja katika nyumba ya koplo mmoja ambaye yuko Somalia, ambako Uganda imekuwa ikipeleka askari tangu mwaka 2007. Mkewe yuko peke yake na watoto wanne. Binti wa pili, mwenye miaka minane, amecheza siku ya wazazi shuleni na mtu amempiga picha. Mgeni amevaa vizuri, anamwita mwenyeji wake "mama" kwa heshima zote, anakunywa chai aliyoandaliwa, kisha anatoa karatasi nne zilizochapwa kwa Kiingereza. Anasema mchujo ni Alhamisi. Anasema nafasi zimebaki mbili. Anasema wazazi wengine wamekwisha kutia sahihi.

Mama huyu afanye nini? Afanye lile ambalo mumewe angelifanya akipewa karatasi asiyoielewa na mtu asiyemjua: asitie sahihi siku hiyo. Amwambie mgeni, "Ahsante, baba. Karatasi niachie, nitampigia baba watoto, tutazungumza." Mtu mwenye nia njema ataziacha. Anayesema kwamba karatasi haziwezi kubaki amekwisha kujieleza, na chai aliyokunywa imetosha kuwa hasara ya siku. Kisha zipelekwe kwa mtu anayejua kusoma mikataba. Katika kambi hakosekani mwalimu wa shule, ofisa wa ustawi au padre ambaye ataketi nusu saa azipitie. Atafute ndani yake nani anayeimiliki picha ya mtoto na kwa muda gani. Je, inaweza kuuzwa kwa watangazaji wa sabuni bila kuulizwa mzazi. Fedha zinalipwa kwa nani na lini. Mtoto akiumia nani anayelipa hospitali. Na akitaka kujitoa katikati, familia itadaiwa nini. Mara nyingi jibu la swali hili la mwisho ndilo linaloonyesha karatasi iliandikwa na mtu wa namna gani.

Baba naye, ingawa yuko mbali, asijibu kwa simu kama anayetoa amri ya gwaride. Wako askari ambao wakisikia neno televisheni husema "hapana" kabla ya kusikia la pili, na wako ambao husema "ndiyo" kwa sababu wenzao katika hema wamewapongeza. Mtoto hamjui askari wa hemani. Anayemjua ni mama, na mama ndiye aliyemwona alivyokuwa siku aliposhindwa mbio za magunia.

Kuna jambo la mwili ambalo askari wanapaswa kulielewa kuliko raia. Jeshi la Uganda haliandikishi mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na hata huyo wa miaka 18 hapewi mzigo kamili siku ya kwanza. Hupandishwa hatua kwa hatua, maana wakufunzi wamewaona vijana waliovunjika miguu kwa kukimbizwa mno mapema. Mifupa ya mtoto ingali ina sehemu laini karibu na viungo, ambako ndiko inakorefuka, na sehemu hizo huumia kwa kurudiwarudiwa kwa pigo lile lile. Kuruka sarakasi mara arobaini juu ya sakafu ya saruji ili kupata mara moja iliyonyooka ni pigo la namna hiyo. Madaktari wa watoto hushauri mtoto anayefanya mazoezi makali apumzike angalau siku moja au mbili katika kila juma, na maumivu yasiyokwisha kisiginoni, gotini au kiunoni yasifungwe kitambaa yakasahauliwa. Mazoezi yafanyike kwenye nyasi au udongo laini. Mtoto ale kabla, anywe maji, na mwalimu anayemnyima chakula ili awe mwembamba aonyeshwe mlango bila majadiliano.

Baada ya hayo yote, je, mtoto aende au asiende? Anayetaka jibu moja kwa watoto wote hatalipata, lakini yapo ya kusemwa wazi. Mtoto aliye katika kundi, pamoja na mwalimu wake wa siku zote, anayecheza ngoma aliyoijua kabla kamera haijaja, anaweza kwenda, na pengine atarudi amekua. Mtoto mdogo wa miaka chini ya kumi asipelekwe peke yake kusimama mbele ya meza ya watu wazima wanaolipwa kumpima, hata kama kipaji chake ni cha ajabu. Kipaji hakitaoza kwa kungoja miaka mitatu. Na nyumba ambayo imekwisha kupanga matumizi ya zawadi kabla ya mchujo isimpeleke mtoto wake kabisa, kwa kuwa mtoto huyo amekwisha kubebeshwa, na watoto huhisi uzito ambao hawajatajiwa.

Wakubwa wengi husahau kwamba karibu wote watashindwa. Katika mashindano yenye mshindi mmoja, mamia hurudi nyumbani. Hata wale sita walioamsha nchi nzima hawakuchukua zawadi ya kwanza. Iliyachukua mchekeshaji kutoka Norway. Kwa hiyo maandalizi yaliyo muhimu ni ya siku ya kurudi. Mtoto aliyeshindwa akute chakula anachokipenda, asikute baraza. Asiulizwe mbele ya majirani alikosea wapi. Kipande chake kisichezwe tena na tena kwa wageni ikiwa yeye mwenyewe hutoka chumbani kila kinapochezwa. Na kama ameshinda, asiondolewe zamu ya kuosha vyombo. Ndugu zake ambao hawakuchaguliwa wanahesabu. Hakuna mhasibu aliye hodari kama mtoto wa miaka sita anayetazama nani amepewa nyama kubwa.

Apewe pia njia ya kusema hapana ambayo haitamfedhehesha. Baadhi ya walimu wa ngoma wana desturi nzuri: hukubaliana na mtoto neno moja la siri ambalo akilitamka, mwalimu mwenyewe huwaambia watu wa televisheni kwamba kundi linahitaji kupumzika. Hakuna anayejua nani aliyelitamka. Mtoto mwenye neno kama hilo mfukoni aghalabu halitumii, na hucheza vizuri zaidi kwa kujua kwamba analo.

Likabaki la shule. Wenye vipindi hupenda kurekodi siku za juma, kwa kuwa studio huwa rahisi, na huahidi kwamba mtoto atasoma njiani. Hakuna mtoto aliyepata kusoma njiani katika gari lenye watoto tisa na redio. Mzazi achukue kalenda ya mwaka kutoka kwa mwalimu mkuu, aziwekee alama siku za mitihani, na ampelekee mwenye kipindi kabla ya kutia sahihi yoyote. Kwa mtoto wa darasa la saba, ambaye mwishoni mwa mwaka atafanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba ifungwe yote. Studio ikisema miezi hiyo ndiyo pekee iliyo nayo, ichukue mtoto mwingine.